Mwache Alale

Siku niliyostaafu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya uuguzi hawakuniletea maua. Waliniletea daftari tupu na kalamu mbili. Mkubwa wao, Furaha, msichana mrefu asiyeogopa kuuliza, akasema kwa adabu zote: "Mama Zaina, tunaomba utuandikie maswali yenye hutoka kwa juri." Juri ni ule mtihani wa taifa ambao usipoupita, bluzi nyeupe, vazi letu la kazi, utaivaa ukiuza nyama.

Maswali yanayotoka siyajui. Ninayoyajua ni yanayoingia. Mgonjwa anayeingia mlangoni hajui mlisoma sura gani na mliruka gani. Basi nimejaza daftari hili kwa namna yangu, na mwenye haraka aende akakariri ya wenzake.

Nilianza kazi nikiwa bado na miguu mizuri, katika jengo la watoto la hospitali moja hapa Kindu. Mkuu wa jengo alikuwa Papa Feruzi, mtu mfupi, mkimya, mwenye saa aliyoibana kwenye kifua cha bluzi kama nishani. Nilifika na cheti changu na sindano moja ya kioo niliyonunuliwa na baba. Papa Feruzi aliichukua ile sindano, akaiweka kabatini, akanipa kiti.

"Ikala hapa," akasema. "Angalia huyu mutoto saa moja. Usimuguse. Halafu uniambie iko na nini."

Saa moja ilipokwisha nilimwambia mtoto ana homa ya thelathini na tisa.

"Kipimajoto ulikipata wapi?"

Nilikuwa nimekisia tu. Akanirudisha kitini saa nyingine. Mara ya pili niliona mabawa ya pua yanavyochanua akivuta pumzi, nikaona ngozi chini ya mbavu inavyoingia ndani, nikaona kiganja cheupe kuliko kiganja cha mama yake. Hapo ndipo akatikisa kichwa kukubali, akaniacha niguse.

Mengi ninayowafundisha ni yake. Pumzi zihesabiwe dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili, kwa sababu mtoto mgonjwa hapumui kwa hesabu ya kuzidisha. Huenda mbio, akasimama kidogo, akaenda mbio tena. Kiganja kitazamwe kabla ya macho, maana mtoto akilia macho huwa mekundu na upungufu wa damu ukajificha. Matone ya seramu, yale maji ya dripu, yahesabiwe hivi: kwa mpira wa kawaida, ambao matone ishirini ni mililita moja, chukua mililita zako, zigawanye kwa saa ulizopewa mara tatu. Mililita mia na arobaini kwa saa nne: mara tatu ni kumi na mbili, mia na arobaini kwa kumi na mbili ni kama kumi na mbili. Matone kumi na mawili kwa dakika. Ukiweza kufanya hesabu hiyo huku mama mmoja anakuvuta bluzi na mwingine anakuita, juri haitakusumbua.

Neno lake la nne ndilo lililotuchekesha. "Mwenye analala, umuamushe." Kila alipopita kitandani alimwita mtoto kwa jina, akamgusa bega, na kama hakujibu akambana ukucha. Kina mama walinung'unika. Sisi wastajeri, vijana wa mafunzo, tulinong'onezana ile methali ya wazee: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Nyumbani kwetu bibi yangu hakuruhusu hata kufagia karibu na mtu aliyelala. Nilimheshimu Papa Feruzi, lakini kwa jambo hili nilimwona ni mzee mwenye wasiwasi tu. Yeye aliyasikia tuliyonong'ona, akajibu bila kugeuka: "Ile methali haikutungwa na muganga." Waganga ndivyo watu wa hapa wanavyotuita, hata sisi wauguzi.

Kisha vita vikafika. Sitavieleza vita, waliokuwepo wanavijua na ambao hawakuwepo wana wazazi wa kuwauliza. Nitasema tu vilichoufanyia mkono wa muuguzi. Treni ilinyamaza. Dawa zilikuja kwa baiskeli, siku nyingi msituni, na mara nyingine ilikuja baiskeli bila dawa, au dawa bila mwenye baiskeli. Glovu tulizifua, tukazianika, tukazitia poda. Sindano zilizochoka tulizinoa kwenye jiwe, na naomba radhi kwa kila paja nililolichoma miaka ile.

Kilichotuumiza zaidi ni kukosa seramu ya sukari. Kwinini ya mshipa hutiwa ndani ya seramu yenye sukari, na hapa msikie vizuri maana hili mtu halikariri, hulielewa: malaria kali hula sukari ya mtoto, njaa huila iliyobaki, na kwinini yenyewe huisukuma chini zaidi. Vitu vitatu vinavuta kamba upande mmoja. Sisi tulikuwa na seramu ya chumvi tu. Sukari ya kawaida, ile ya chai, ilikuwa kwenye kopo moja ndani ya kabati, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Papa Feruzi. Walinzi wa lango waliliomba kopo lile kwa chai yao. Aliwaambia ni dawa ya minyoo.

Ndipo akaja Mwamini na mwanawe Idi.

Mwamini alitoka ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, mama mkulima wa mpunga aliyekuwa amejificha msituni na familia yake. Alimbeba mtoto mgongoni kwa siku tatu. Idi alikuwa na miaka minne na kilo kumi na nne, na alifika akitetemeka mwili mzima kwa degedege. Tulimtuliza, tukamfungia seramu yenye kwinini. Matone kumi na mawili kwa dakika. Sasa mnajua ule mfano niliutoa wapi. Siku ya pili alifumbua macho. Siku ya tatu asubuhi aliomba maji kwa sauti, akanywa vijiko viwili vya uji, akaukataa wa tatu, na chumba kizima kikafurahi kwa sababu mtoto anayekataa chakula kwa maneno ni mtoto aliyerudi. Adhuhuri nilimfungia kwinini nyingine.

Saa nane mchana nilikuwa napita na daftari. Jua lilikuwa kali na chumba kimetulia. Mwamini alikuwa amekaa chini, ameegemea kitanda, macho mekundu.

"Dada," akaniambia kwa sauti ya chini, "mutoto iko nalala. Muache alale. Hizi siku zote hatujalala."

Nilimtazama Idi. Alikuwa ametulia. Niliweka mgongo wa mkono kwenye paji lake: baridi, lenye jasho. Nikasema moyoni, homa imevunjika. Nilimwonea huruma mama yule, na nitasema kweli, nilijivunia pia, kwa sababu ni mimi niliyemfungia ile dawa. Nikaandika kwenye karatasi yake: "Saa nane. Joto limeshuka. Analala vizuri." Kulikuwa na watoto wawili wanacheza dirishani, nikaenda kuwanyamazisha ili wasimwamshe.

Saa kumi Papa Feruzi aliingia. Aliisoma karatasi. Akaita: "Idi!" Akamgusa bega. Akabana ukucha wa kidole gumba kwa kalamu, na mkono haukurudi nyuma. Aliushika mpigo wa damu, ulikuwa unakimbia. Hakunipigia kelele. Alivua ufunguo shingoni, akanipa, akasema: "Sukari. Kimbia."

Tulifanya hivi. Vijiko vinne vya chai, vilivyosawazishwa, ndani ya kikombe cha mililita mia mbili cha maji yaliyochemshwa. Mpira mwembamba puani hadi tumboni, tukahakikisha uko tumboni kweli: vuta uone maji ya tumbo, sukuma hewa kidogo usikilize kwa stetoskopu juu ya tumbo. Kisha mililita hamsini, polepole. Mwamini alisimama ukutani na mikono kichwani. Baada ya muda ambao sikuupima, Idi alikunja uso, kisha akalia. Alilia kwa upande mmoja wa uso.

Aliishi. Mguu wa kulia, uliokuwa umelegea, ulirudi baada ya miezi. Mkono wa kulia haukurudi vizuri, na ulimi wake, ulioukataa uji kwa maneno siku ile asubuhi, ulibaki mzito.

Sasa hapa ndipo juri inapoingia, kwa hiyo chukueni kalamu. Mtoto wa malaria kali ambaye haamki ni mtoto aliyeishiwa sukari mpaka kipimo kikuonyeshe vinginevyo. Una kipimo cha tone la damu, pima. Huna, usingoje, tibu. Una mshipa na seramu ya sukari ya asilimia kumi, mpe mililita tano kwa kila kilo. Huna mshipa, tumia mpira wa puani kama tulivyofanya, au sukari iliyoloweshwa chini ya ulimi, na uirudie kila ikiyeyuka. Usimnyweshe kwa kikombe asiyeweza kumeza, utajaza mapafu. Pima tena au mwamshe tena baada ya robo saa. Akiamka, alishwe, kwa sababu sukari uliyompa haikai. Siku hizi tuna artesunate badala ya kwinini, na inahurumia sukari kuliko ile, lakini ugonjwa wenyewe haujabadilika tabia, na njaa pia haijabadilika. Na paji la baridi lenye jasho si lazima liwe habari njema.

Hayo ni ya juri. Yaliyobaki juri haitawauliza.

Jioni ile Papa Feruzi alinipeleka nyuma ya stoo, akanionyesha karatasi yangu. "Hapa uliandika chenye ulitaka," akasema. "Andika chenye uliona." Nikaandika chini yake: "Saa nane sikumwamsha." Nikauliza kama tumwambie mama. Alitazama langoni, walipokaa wenye bunduki. Miaka ile muuguzi aliyetajwa kwa kosa hakupelekwa kwa hakimu. "Muambie ni malaria ya kichwa," akasema. "Si uongo."

Mama nikamwambia hivyo, na kweli si uongo. Malaria ya kichwa peke yake huweza kuacha mkono na ulimi wa namna ile. Labda hata ningemwamsha saa nane, Idi angebaki vile vile. Neno hilo "labda" nimelala nalo kitanda kimoja miaka mingi, na ni mwenzi mbaya, hukoroma.

Vita vilipopoa Papa Feruzi alifariki, na mimi nikapewa kuwafundisha wastajeri. Mnajua wenyewe jina mlilonipa: Mama Amsha. Mliliandika hata kwenye ubao, kwa mwandiko mbaya. Swali langu lilikuwa moja kila mwaka, kando ya kitanda: mtoto wa siku ya tatu, joto limeshuka, mama anasema analala, unafanya nini? Aliyenijibu "namwacha apumzike" alifagia jengo wiki nzima. Kina mama wamenitukana kwa lugha zote za Maniema kwa kuwaamshia watoto. Nimewahi kumwamsha mtoto aliyekuwa amelala kabisa, usingizi halali wa mchana, akaamka na kupiga kelele hadi jengo zima likaamka naye. Sikujuta. Mtoto anayelia kwa hasira ana sukari ya kutosha.

Mwamini nilikutana naye mara nyingi sokoni Kasuku. Alinisalimia kwa mikono miwili na kuinama, mimi niliye karibu rika lake, nami niliona aibu. Tuliongea habari za mvua na za mpunga. Kuhusu siku ile hakuuliza hata mara moja. Nilichukulia kwamba hana swali.

Niliandika mpaka hapo, nikampa Furaha asome, anisahihishie nukta na mikato. Alisoma amesimama. Akarudisha daftari, akauliza:

"Mama Zaina, na ule mama alisema nini, wakati ulimuambia?"

"Nani alikuambia nilimwambia?"

Alinitazama tu, kwa heshima yote, kama ninavyowatazama ninyi mkikosea kipimo. Nilikuwa nimewafundisha miaka yote kumwamsha mtoto, na mama yake nilimwacha. Hasira iliyonipanda haikuwa juu ya Furaha.

Jumapili nilipanda mtumbwi wa injini, nikavuka. Mwamini alikuwa uani anapepeta mchele. Idi, mwanaume mwenye ndevu sasa, alikuwa anautandaza mpunga kwenye turubai kwa mguu na mkono wa kushoto. Mwamini alinipa kiti, akaulizia afya, akaulizia kustaafu. Niliyaacha maneno ya adabu yaishe.

"Mwamini, nimekuja juu ya ile siku ya hospitali. Saa nane ya mchana Idi hakuwa analala. Sukari ilikuwa imemwisha ndani ya damu. Nilifundishwa kumwamsha, na nilijua. Sikumwamsha. Tulipokuja kumwamsha ilikuwa saa kumi."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Lakini ni mimi njo nilisema umuache alale," akasema.

"Ulisema. Mama anaweza kusema. Mwenye bluzi nilikuwa mimi."

"Hapana, sikia." Aliuweka ungo chini. "Ile saa muganga mukubwa alikuja, niliona uso yako. Nikajua ni neno yangu njo iliharibu mutoto. Halafu ukanyamaza. Ukaniambia malaria, malaria. Nikasema: huyu dada ananifichia haya, hataki bwana yangu ajue. Ule muchele nakutumiaka kila mavuno, ulifikiri ni ya nini?"

Ni kweli, kila mavuno nililetewa kikapu cha mchele mpya. Nilifikiri ni shukrani kwa kumponya Idi. Niliupika, nikawakaribisha majirani.

Mara ya kwanza tangu nimfahamu, alinipandishia sauti. "Miaka hii yote, Zaina! Bwana yangu amekufa sijamuambia. Naomba Mungu anisamehe kitu chenye hata sikufanya!" Akasimama, akaenda mpaka mwisho wa ua, akarudi. Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nikidhani kosa nililolificha lilikaa kwangu. Lilihamia kwake siku ile ile, na mimi nikala mchele juu yake.

"Muambie yeye mwenyewe," akasema Mwamini. "Mimi nimeshamulilia ya kutosha."

Idi alikuja akachuchumaa mbele yangu. Nilimweleza kwa maneno mepesi, bila "labda": alikuwa mtoto, aliishiwa sukari, mimi nilipaswa kumwamsha, sikumwamsha, na mama yake hakukosa kitu. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza, mkono wa kushoto umeushika wa kulia. Nilipomaliza hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, na maneno yakachukua muda kutoka.

"Mama. Njo maana... unaniamushaka... kila nikilala muchana?"

Mwamini alifunika uso kwa kitenge. "Njo maana, mutoto wangu."

Idi akafikiri. Kisha akasimama, akapangusa makapi magotini.

"Leo nitalala," akasema.

Akaingia ndani, akavuta pazia la mlango. Jua lilikuwa bado juu, na mpunga nusu haujatandazwa. Mimi na Mwamini tukabaki uani, wanawake wawili wazee, kila mmoja ametega sikio kwenye pazia.